Pua Iliyoziba: Yafaayo Kufanywa Nyumbani na Dawa Zifaazo Kununuliwa

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo juu ya afya, yaliyotengenezwa ili yasomwe katika mabaraza na katika mikutano ya akina mama.

Jambo nitakalozungumza nanyi leo ni dogo machoni pa watu wengi, nalo ni pua iliyoziba. Hakuna mtu katika nchi hii, awe mkulima wa Kinangop au mchukuzi wa mizigo bandarini Mombasa, ambaye hajapata kulala usiku kucha kinywa wazi, koo limekauka, akigeuka upande huu na upande huu kutafuta pumzi. Asubuhi huamka na kichwa kizito, akaenda kazini akiwa amechoka kama mtu aliyekesha. Na kwa kuwa jambo hili humpata kila mtu, kila mtu anayo dawa ya kumpa jirani yake. Mmoja husema, “Jifukize majani ya mkaratusi.” Mwingine husema, “Nunua vidonge vya mafua dukani.” Na wa tatu humwambia mama aliyejifungua, “Mtie mtoto samli puani.”

Katika dawa hizo ziko zinazosaidia, ziko zisizofanya kazi yo yote illa kumaliza fedha, na ziko zinazodhuru. Nia yangu leo ni kuzipepeta kama mama apepetavyo mchele, ili chuya ziende upande wake na mchele ubaki katika ungo. Nawaomba mnisikilize hasa ninyi wenye watoto wachanga, kwa maana kwa mtu mzima pua iliyoziba ni udhia, bali kwa mtoto mchanga yaweza kuwa taabu kubwa, tena yaweza kuficha ugonjwa mwingine ulio mbaya zaidi.

PUA HUZIBWA NA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba pua huzibwa na kamasi tu. Ndiyo sababu hupenga kwa nguvu mpaka masikio yakalia. Kamasi lina sehemu yake, lakini mara nyingi sababu iliyo kubwa ni uvimbe. Ndani ya pua, kila upande, mna vinyama laini vilivyojikunja, vyenye mishipa mingi midogo ya damu. Kazi yake ni kuipasha moto hewa tunayoivuta, kuitia unyevu, na kunasa vumbi lisifike mapafuni. Vijidudu vya mafua viingiapo, mishipa ile hujaa damu, na vinyama vile huvimba kama sifongo iliyotiwa maji. Hapo njia ya hewa huwa nyembamba. Kwa hiyo mtu aweza kupenga mara ishirini asipate nafuu, kwa sababu kilichoziba si kitu cha kutoka, bali ni mwili wake mwenyewe uliovimba. Na alalapo chali taabu huzidi, kwa kuwa damu huongezeka katika mishipa ya kichwa.

Kupenga kwa nguvu nyingi hakufai, maana kwaweza kusukuma kamasi na vijidudu kuelekea masikioni na katika mapango ya mifupa ya uso. Ziba tundu moja kwa kidole, upenge lingine polepole, kisha ubadilishe.

Vijidudu viletavyo mafua ya kawaida huitwa virusi, navyo ni vya aina nyingi mno. Jamii moja tu, iitwayo rinovirusi, ina aina zaidi ya mia moja. Hii ndiyo sababu mtu hupona mafua mwezi huu akashikwa tena mwezi ujao: mwili umejifunza kupigana na aina moja, lakini nyingine bado hauijui.

Je, baridi huleta mafua? Wazee wetu wamesema hivyo, na wazee wa Ulaya nao wamesema vivyo hivyo. Karibu na mji wa Salisbury, Uingereza, palikuwa na kituo cha kuchunguza mafua kilichoanzishwa mwaka 1946. Watu walijitolea kukaa pale na kutiwa virusi puani, na wengine wao walitiwa baridi wakiwa wamelowa maji, ili waganga waone tofauti. Waliotiwa baridi bila kutiwa virusi hawakushikwa na mafua. Kinacholeta mafua ni kijidudu. Lakini wakati wa baridi sisi hufunga madirisha, tukakaa wengi chumba kimoja, na vijidudu hupata njia rahisi ya kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Mambo mengine pia huziba pua. Vumbi la nyumbani, manyoya ya wanyama, chavua ya maua na moshi wa kuni huweza kumletea mtu uvimbe ule ule, pamoja na chafya nyingi na macho ya kuwasha. Hali hii huitwa mzio. Mtu wa namna hii hana homa, na taabu yake huendelea kwa majuma au miezi.

Basi na tulikumbuke jambo moja ambalo ndilo shina la mazungumzo haya: mafua ya kawaida hayana dawa ya kuyaondoa. Mwili wenyewe ndio uyaondoao, kwa muda wa siku 7 hata 10. Kila tufanyacho nyumbani, na kila tununuacho dukani, ni kupunguza taabu tu wakati mwili ukifanya kazi yake. Mtu akiisha kulifahamu hili, hatadanganywa kwa urahisi na mwuza dawa, wala hatakuwa na haraka ya kujidhuru.

MAJI YA CHUMVI

Katika mambo yote ya nyumbani, sijui lililo rahisi na salama kuliko maji ya chumvi. Maji haya hulainisha kamasi lililokauka na kuliosha pamoja na vumbi, wala hayana sumu. Hutengenezwa hivi.

Chukua maji nusu lita, uyachemshe mpaka yatokote sawasawa kwa muda wa dakika moja. Kwa wale wakaao nyanda za juu sana, kama Limuru, Molo na Kinangop, mahali palipo juu ya mita 2,000, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa hiyo yaache yatokote dakika tatu. Tia chumvi safi nusu ya kijiko cha chai, kijiko kiwe kimesawazishwa wala si cha kulundika. Koroga, ufunike, ungoje mpaka yawe vuguvugu. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe, yatengenezwe mengine.

Mtu mzima huinama juu ya karai, akatia maji hayo katika tundu moja la pua kwa bomba dogo lisilo na sindano au kwa chupa ndogo ya kubinya, kinywa kikiwa wazi, nayo hutokea tundu la pili. Kisha hupenga polepole. Aweza kufanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku. Chombo na kioshwe na kukaushwa kila mara, wala kisitumiwe na watu wawili.

Nasisitiza neno la kuchemsha maji. Maji yanayofaa kunywewa si lazima yafae kutiwa ndani ya pua. Katika maji ya vuguvugu ya mito, visima, matangi na hata mabomba huweza kuwamo kijidudu aitwaye ameba, ambaye akinywewa hadhuru, lakini akipanda juu ndani ya pua huweza kufika kwenye ubongo. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa kwa sababu walisafisha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Jambo hili hutokea mara chache sana, lakini likitokea, ni wachache mno waponao. Kuni za kuchemshia maji ni gharama ndogo kuliko uhai.

MVUKE, CHAI NA ASALI

Sasa nije kwenye kujifukiza. Desturi hii ni ya zamani, nayo iko karibu katika kila kabila: sufuria ya maji ya moto, majani ya mkaratusi au mwarobaini, na blanketi juu ya kichwa. Mvuke hulainisha kamasi, na mtu mzima huona raha kwa muda. Lakini mvuke hauui virusi wala haufupishi siku za ugonjwa. Tena hatari yake ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Watoto wengi wamepelekwa hospitali wakiwa wameungua mapaja, tumbo na uso kwa sababu sufuria ilipinduka chini ya blanketi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na maji yamwunguzayo mama kidogo humchuna mtoto. Kwa hiyo mtoto asifukizwe kamwe. Mtu mzima atakaye mvuke na aiepue sufuria motoni, aiache ipoe kidogo, aiweke juu ya meza imara isiyotikisika, na watoto wawe mbali. Kuoga maji ya moto, au kushika kikombe cha chai karibu na uso na kuvuta mvuke wake, huleta raha ile ile bila hatari.

Na jambo jingine: msifunge milango na madirisha mkaweka jiko la makaa ndani ili kumpa mgonjwa joto. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, hasa Nairobi na nyanda za juu, watu hufanya hivyo usiku, na wengine hawaamki. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo humlaza mtu usingizi wa mauti.

Vinywaji vya moto ni vizuri. Chai ya tangawizi, maji ya ndimu, supu ya kuku na uji mwepesi hulainisha koo na kumrudishia mgonjwa maji anayoyapoteza. Asali hutuliza kikohozi, nayo yaweza kupewa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, kwa maana mna nyakati ambapo asali huwa na mbegu za kijidudu ambazo tumbo changa haliwezi kuzishinda, na sumu yake hulegeza viungo vya mtoto mpaka ashindwe kunyonya na kupumua.

Kwa usiku, mtu mzima na ainue kichwa na mabega kwa mito miwili au nguo iliyokunjwa. Kwa njia hii uvimbe hupungua kidogo, na usingizi hupatikana.

Kuna na mafuta makali ya kupaka, yenye mentholi, kafuri na mkaratusi. Mentholi huigusa mishipa ya fahamu ya pua, nayo huhisi ubaridi, hata mtu akaona hewa inapita zaidi, ingawa njia ni ile ile. Si jambo baya, kwani aliyefarijika hulala. Lakini mafuta hayo hupakwa kifuani na mgongoni tu. Yasitiwe ndani ya pua, yasipakwe mtoto wa chini ya miaka 2, wala yasiachwe mahali mtoto awezapo kuyafikia, maana kafuri ikimezwa ni sumu, na huleta degedege. Mafuta ya mkaratusi ya chupa nayo ni vivyo hivyo.

Wazee wengine huvuta ugoro ili wapige chafya na kufungua kichwa. Chafya hutoka, ni kweli, lakini ugoro ni tumbaku, nao huzidi kuchoma nyama laini za pua zilizokwisha kuvimba.

DAWA ZA DUKANI

Mtu akienda dukani, na aende duka la dawa lenye leseni, aeleze taabu yake, aseme na magonjwa mengine aliyo nayo, na asome karatasi ya dawa au asomewe.

Dawa ya kwanza ni ya matone au ya kupuliza puani, kama zile zenye oksimetazolini au zailometazolini. Dawa hizi huibana mishipa ya damu iliyovimba, na pua hufunguka kwa muda mfupi. Zina nguvu kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Zikitumiwa zaidi ya siku chache, mishipa huzizoea. Dawa iishapo nguvu, uvimbe hurudi mkubwa kuliko mwanzo, na mtu hutia tena. Ni kama kukopa kwa mla riba: leo umepata nafuu, kesho deni limeongezeka, na kesho kutwa unakopa ili ulipe mkopo. Wako watu walioanza kwa mafua ya juma moja wakabaki na chupa mfukoni mwaka mzima. Basi shika neno hili: siku tatu, kisha uache. Aliyekwisha kunaswa na amwone mganga, atamwonyesha njia ya kuacha. Mtoto wa chini ya miaka 6 asitiwe dawa hizi illa kwa amri ya mganga.

Dawa ya pili ni vidonge vya kuzibua pua. Vingi vya vidonge viuzwavyo kwa jina la mafua vina dawa iitwayo fenilefrini. Mwaka 2023 wataalamu walioitwa na idara ya serikali ya Marekani isimamiayo chakula na dawa walipima ushahidi wote, wakakubaliana bila hata mmoja kupinga kwamba fenilefrini ikimezwa haizibui pua kuliko kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2024 idara hiyo ikatoa pendekezo la kuiondoa katika orodha ya dawa za kumeza za kuzibua pua. Basi mwenye shilingi chache na ajue kwamba kwa ajili ya pua yake hapati faida. Vidonge vingine vina sudoefedrini, ambayo hufanya kazi, lakini hupandisha shinikizo la damu, huupigisha moyo mbio, hukosesha usingizi, na kwa wazee wa kiume huweza kuzuia mkojo. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asiimeze bila shauri la mganga.

Dawa ya tatu ni zile za mzio, kama Piriton. Hizi zafaa kwa mtu ambaye pua yake husumbuliwa na vumbi au chavua. Kwa mafua ya virusi hazisaidii sana. Tena huleta usingizi. Dereva wa lori, mpanda pikipiki na mtu wa mashine asizimeze kabla ya kazi. Kwa mzio wa muda mrefu kuna dawa nyingine za kupuliza puani ambazo hutumiwa kila siku bila kuleta deni lile nililolisema, nazo mganga ndiye awezaye kuzichagua.

Dawa ya nne ni parasetamoli. Haizibui pua, lakini hupunguza homa na maumivu ya kichwa. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika muda wa saa 24. Jihadharini hapa: vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani yake. Anayemeza vidonge vya mafua, kisha akaongeza parasetamoli juu yake, aweza kupita kipimo bila kujua, na ini lake likaharibika.

Na ya tano ni ile ambayo watu huitaka sana na ambayo haifai kabisa, yaani dawa za kuua bakteria, ziitwazo antibiotiki, mathalani amoksilini. Bakteria ni jamii nyingine. Virusi havisikii dawa hizi. Kamasi likigeuka kuwa manjano au kijani watu husema, “Sasa yahitaji vidonge vya rangi mbili.” Sivyo. Kamasi hugeuka rangi hivyo hata katika mafua ya kawaida, kwa sababu ya chembe za damu nyeupe zinazopigana na vijidudu. Mtu anunuapo vidonge vitano vya antibiotiki bila kupimwa, haponi upesi zaidi, bali huwafundisha bakteria waliomo mwilini mwake kuizoea dawa. Siku mtoto wake atakapopata ugonjwa wa mapafu wa kweli, dawa ile yaweza kukataa kufanya kazi.

MTOTO MCHANGA

Sasa nasema nanyi akina mama, na akina baba nao wasikilize. Mtoto mchanga katika miezi ya kwanza hupumua zaidi kwa pua. Pua ikiziba, hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja; hushika titi, huliachia, hulia, hushika tena. Asiponyonya hukosa maziwa na maji, naye hudhoofika upesi.

Msaada wake ni huu. Kabla ya kumnyonyesha, mlaze chali, umtie matone mawili au matatu ya maji ya chumvi, yale yaliyochemshwa na kupoa, katika kila tundu la pua. Ngoja dakika moja. Kisha futa kamasi kwa kitambaa safi na laini, au livute polepole kwa kipira cha kufyonzea kamasi kinachouzwa duka la dawa. Kipira kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya kazi. Kufyonza kwa mdomo, kama desturi ya wengine ilivyo, kwaweza kuhamisha vijidudu vya mtu mzima kwa mtoto na vya mtoto kwa mtu mzima. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi kuliko kawaida.

Samli, mafuta ya kupikia na mafuta ya mgando yasitiwe puani mwa mtoto. Mafuta hayatoki kwa kukohoa kama maji. Huteremka mapafuni yakakaa humo, na kuleta ugonjwa wa mapafu ulio mgumu kutibika. Wala mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe dawa za maji za kikohozi na mafua za dukani; na aliye chini ya miaka 6 asipewe bila shauri la mganga. Kijiko kimoja cha dawa ya mtu mzima, kilichotolewa kwa mapenzi mema, kimewalaza watoto wasiamke.

TAZAMA KIFUA, USITAZAME PUA PEKE YAKE

Hili ndilo nililotaka mlichukue nyumbani kuliko yote. Ugonjwa wa mapafu, yaani nimonia, mara nyingi huanza kama mafua. Mama hushughulika na pua, kumbe ugonjwa umekwisha kushuka. Dalili yake haimo puani, imo katika pumzi, na kila mtu mwenye saa ya mkono au simu aweza kuitambua.

Mtoto akiwa ametulia au amelala, asiye kulia wala kunyonya, mfunue tumbo na kifua. Hesabu pumzi zake dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Mwenye miezi 2 mpaka kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi. Mwenye mwaka 1 mpaka kutimiza miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Ukipata hesabu hiyo, usingoje kuche na usinunue dawa, mpeleke zahanati.

Na ukiona nyama chini ya mbavu zinabonyea ndani kila avutapo pumzi, au anakoroma avutapo pumzi ingawa ametulia, au hawezi kunyonya wala kunywa, au hutapika kila kitu, au amepata degedege, au amelala usingizi asioamshika kwa urahisi, au midomo imegeuka rangi ya samawati, huo si wakati wa shauri la jirani. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane, na endelea kumnyonyesha njiani kama anaweza. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa naye apelekwe mara moja.

Kama tundu moja tu la pua ya mtoto limeziba, nalo linatoa usaha wenye harufu mbaya, yaelekea ametia kitu ndani: punje ya hindi, haragwe au ushanga. Usikichokoe kwa kijiti, maana utakisukuma mbali. Mpeleke zahanati. Na kama ni betri ndogo ya duara, ya saa au ya kitu cha kuchezea, fanya haraka sana, kwani huunguza nyama za pua kwa muda wa saa chache.

Mtu mzima naye amwone mganga iwapo taabu yake imepita siku 10 bila nafuu, au alipata nafuu kisha akazidiwa tena, au ana homa kali na maumivu makubwa ya uso, au macho yamevimba, au shingo imekakamaa. Mwenye pumu, mwenye kisukari na mama mjamzito wasingoje sana.

NJIA YA KUJIKINGA

Mafua huenea kwa mikono na kwa chafya. Nawa kwa sabuni baada ya kupenga na kabla ya kumshika mtoto. Piga chafya katika kitambaa chako au katika kiwiko cha mkono, wala usiazime kitambaa cha mwenzio. Fungua dirisha mchana, na upikie mahali moshi unapotoka, kwa maana kifua kilichozoea moshi hushikwa upesi.

Kadhalika, timizeni sindano za watoto. Tangu mwaka 2011 serikali ya Kenya imekuwa ikitoa chanjo ya kukinga kijidudu kimoja kikubwa cha nimonia, iitwayo nimokokasi, kwa watoto wa umri wa wiki 6, 10 na 14. Sindano hiyo haizuii mafua, lakini huweza kuzuia lile linalofuata nyuma ya mafua.

Mabibi na Mabwana, nimemaliza. Dawa bora ya pua iliyoziba ni maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, kinywaji cha moto, kichwa kilichoinuliwa, na subira ya siku chache. Vitu hivi havimshindi mtu ye yote, tajiri wala maskini. Fedha mtakazoziokoa kwa kutonunua vidonge visivyofaa, ziwekeni kwa ajili ya nauli ya hospitali, ili siku mtakapohesabu pumzi za mtoto na kuona zimepita kiasi, asiwepo mzazi wa kusema, “Sina cha kumpeleka.”

Kila aliyesikia na amwambie jirani yake, hasa aliye na mtoto mchanga.